Kijana Anayeogopa Watu Atapata Kazi Gani?

Mazungumzo ya redio. Somo: Kutoka 4:1–17

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya watu ambao pengine wangependa tusiwataje. Wako Bomet mjini, wako Sotik, wako Konoin na Chepalungu, wako katika kila kusanyiko. Huketi kiti cha nyuma karibu na mlango, na ibada inapokwisha huwa wamekwisha kuondoka.

Tumtazame kijana mmoja. Jina hatumpi, kwa kuwa walio kama yeye ni wengi. Alimaliza Kidato cha Nne, akapata alama zisizo mbaya. Walimu walisema ana akili. Lakini tangu alipotoka shuleni, sasa ni mwaka wa tatu, yuko nyumbani tu. Huamka mapema kwenda mtoni ili asikutane na watu. Akitumwa kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, hungoja kando mpaka foleni iishe, hata kama majani yatanyauka na karani ayakatae. Wageni wakija, hutokea mlango wa nyuma. Mara moja aliitwa mjini kwa mahojiano ya kazi. Akaazima shati la kaka yake, akafika mpaka mlangoni. Hapo moyo ukaanza kumpiga kama ngoma, mikono ikalowa jasho, ulimi ukakauka. Akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Baba alipomwuliza, alijibu kwamba nafasi zilikuwa zimejaa.

Tangu siku hiyo jambo la pili limeongezeka juu ya lile la kwanza. Haoni ladha ya chakula. Saa nane za usiku yuko macho. Moyoni mwake husema afadhali asingalizaliwa.

Na sisi watu wazima twasemaje? Baba asema ni mvivu. Shangazi asema amerogwa. Jirani asema ni bangi. Na kanisani, tusidanganyane, wako wasemao kwamba hana imani ya kutosha.

Sisi tunaoandaa mazungumzo haya hatuyakubali majina hayo. Mvivu hufurahi anapokosa kwenda kazini, huyu hulia. Yako magonjwa mawili hapa, nayo hupenda kutembea pamoja. La kwanza ni hofu ya watu inayopita kiasi. Mara nyingi huanza katika miaka ya ujana, na aliye nayo huona kama kila jicho linamhukumu. Hiyo si haya ya kawaida. Mwenye haya hujikunyata kidogo, kisha baada ya kikombe kimoja cha chai husahau, akacheka na wenzake. Mwenye ugonjwa huu huanza kuogopa siku tatu kabla ya mkutano, na mkutano ukiisha hukesha akirudia rudia kila neno alilosema. Ugonjwa wa pili ni sonona, ambayo wengine huiita unyogovu. Ni huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyang'anya mtu nguvu za mwili na hamu ya kila kitu kwa majuma na miezi. Magonjwa haya yana tiba. Tutafika huko.

Zamani, hapa kwetu, mtu mkimya alikuwa na mahali pake. Mashamba makubwa ya chai yalianza Kericho katika miaka ya 1920, na tangu KTDA ilipoundwa mwaka 1964 wakulima wadogo nao wakapata chai yao wenyewe, hata leo ukipita Kapkoros, Tirgaga au Mogogosiek unaona kijani kitupu. Mchumaji haulizwi maswali. Hukata majani mawili na chipukizi, hutupa kikapuni nyuma ya mgongo, na jioni mizani ndiyo inayomsemea. Wako watu waliolea watoto na kuwasomesha kwa kazi hiyo, nao hawakusema maneno ishirini kwa siku. Hakuna aliyewaita wagonjwa wala wavivu, kwa maana kilo zao zilionekana.

Lakini katika mashamba makubwa mashine za kuchuma zimeingia. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho watu walichoma moto baadhi ya mashine hizo kwa uchungu wa kupoteza kazi. Shauri hilo ni kubwa, nasi hatuliingii leo. Tunalotaka mwone ni kwamba kazi ya kimya imepungua. Kijana wa sasa anaambiwa ajieleze. Aende mahojiano, apige simu, auze bidhaa, ajitangaze. Mlango wa kazi umehamishiwa mdomoni, na yule ambaye mdomo wake umefungwa na hofu anasimama nje, ingawa mikono yake ni mizima na akili zake ni timamu.

Sasa fungueni Kutoka, mlango wa 4. Musa alikuwa amekaa miaka mingi akichunga kundi la mkwewe Yethro. Kazi ya machungani twaijua sisi. Kondoo hawamwulizi mtu habari zake. Ndipo akaitwa kwenda kusema mbele ya mfalme. Musa akatoa udhuru mmoja baada ya mwingine, na mwisho akaeleza waziwazi kwamba yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito, afadhali atumwe mtu mwingine. Wahubiri wengi hupenda kumkemea Musa hapo. Na ni kweli, Biblia yasema Mungu alikasirika. Lakini angalieni alifanya nini baada ya kukasirika. Hakumponya Musa ulimi wake siku ile. Wala hakumrudisha nyumbani akae mpaka hofu iishe. Alimwambia kwamba ndugu yake Haruni yuko njiani tayari, anakuja kumlaki, naye ndiye atakayesema na watu kwa niaba yake. Na kabla ya hapo alikuwa amemwuliza ana nini mkononi. Musa alikuwa na fimbo, ile ile ya kuchungia. Kwa fimbo ile na ndugu yule akaenda Misri, yeye akiwa na umri wa miaka 80 na Haruni 83. (Ninyi vijana wa miaka 24 mnaodhani mmechelewa, fanyeni hesabu.)

Fimbo na ndugu. Kitu ambacho mkono wako umekwisha kukizoea, na mtu mmoja wa kwenda naye.

Labda utasema, Musa alikuwa nabii, mambo yake si kama yetu. Basi tumchukue mtu ambaye hakuwa nabii, lakini makanisa mengi ya Kiprotestanti huimba maneno yake. Wimbo ule juu ya chemchemi iliyojaa damu uliandikwa na Mwingereza aitwaye William Cowper. Jina lake hutamkwa Kupa. Alizaliwa mwaka 1731. Mama yake alikufa yeye akiwa na karibu miaka sita, na shuleni mwanafunzi mkubwa alimtesa sana. Akasomea sheria. Mwaka 1763 jamaa yake akampatia nafasi nzuri ya ukarani katika Baraza la Malordi mjini London, kazi ya kutunza kumbukumbu za Baraza. Ilikuwa kazi ya makaratasi, ya mtu mtulivu, ilimfaa kabisa. Lakini wengine waliipinga nafasi yake, ikaamriwa kwamba kwanza asimame mbele ya Baraza aulizwe maswali. Cowper alikwenda ofisini kila siku kwa miezi kadhaa ili kujitayarisha, na kila siku hofu ikazidi. Siku ilipokaribia alijaribu kujiua, tena zaidi ya mara moja. Hakufa. Mahojiano hayakufanyika, nafasi ikampotea, naye akapelekwa St Albans kwa daktari Nathaniel Cotton, aliyemtunza kwa upole kwa muda wa kama mwaka mmoja na nusu.

Fikirini jambo hili. Palikuwa na mtu aliyeifaa kazi, na kazi iliyomfaa mtu, na katikati yao saa chache za maswali. Ni wangapi wetu wamesimama hapo hapo, katika mlango wa ofisi fulani, na shati la kuazima?

Cowper hakurudi tena kwenye sheria. Alipokelewa katika nyumba ya watu walioitwa Unwin, akakaa nao kama mmoja wao, na mwaka 1767 wakahamia mji mdogo wa Olney, ambako mchungaji alikuwa John Newton, yule aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Alilima bustani, akaotesha matango chini ya vioo, akajifunza useremala, akafuga sungura wa mwitu watatu waliomzoea hata wakapanda magotini pake. Msidharau mambo hayo. Mtu aliyeanguka husimama kwanza kwa kazi ambayo haimtazami usoni. Newton akamwomba waandike nyimbo pamoja, na kitabu chao kikatoka mwaka 1779, Cowper akiwa ameandika zaidi ya 60 kati ya nyimbo zile. Baadaye Mama Unwin akamhimiza aandike mashairi, na ilipofika 1785 jina lake lilijulikana Uingereza nzima. Kazi yake ilipatikana nyumbani, kupitia watu wawili watatu waliomjua.

Wako wanaoisimulia habari hii kana kwamba Cowper alipoanza kuandika nyimbo alipona. Sivyo. Ugonjwa ulimrudia kwa nguvu mwaka 1773, ukarudi tena na tena mpaka alipokufa mwaka 1800. Alifanya kazi katika vipindi vya nafuu. Alipougua, wenzake walimwuguza. Alipopata nafuu tena, akaishika kalamu. Afadhali tuwaambie hivyo kuliko kuwaahidi vijana wetu jambo ambalo pengine halitatokea, kisha wajione wamemkosea Mungu.

Hata hivyo Cowper aliishi wakati ambapo tiba ilikuwa kidogo. Sisi tunayo zaidi. Jirani zetu wa Uganda wametufundisha jambo katika wilaya za Masaka na Rakai. Huko watu wana majina yao ya kale kwa sonona. Wana neno la kujichukia nafsi, na neno lingine la kujihurumia. Mwaka 2002 watafiti walichagua vijiji 30. Katika nusu ya vijiji hivyo wagonjwa wa sonona walikutana kwa vikundi, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, dakika 90 kila juma kwa majuma 16. Waliowaongoza walikuwa watu wa huko huko, wasio madaktari, waliofundishwa kwa muda mfupi. Walizungumza juu ya kifo kilichowapata, ugomvi wa nyumbani, na mabadiliko ya maisha yaliyowashinda. Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vikundi vile walikuwa na sonona kamili. Majuma 16 yalipokwisha, walibaki kama 6 au 7 katika 100. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi, walikuwa bado karibu 55 katika 100. Sisi tulipoyasoma hayo tulikumbuka vikundi vya ushirika vya nyumba kwa nyumba. Viti tunavyo, chai tunayo.

Sasa tuseme na wewe kijana. Nenda kwanza hospitali. Bomet hatuko mbali na msaada: Tenwek ilianzishwa na wamisionari mwaka 1937, na iko Longisa, hospitali ya rufaa ya kaunti. Ikiwa kusema ni kugumu, andika katika kipande cha karatasi: silali, sili, naogopa watu, nafikiri juu ya kufa. Mpe nesi au daktari asome. Karatasi hiyo yatosha kuanzia. Ukipewa dawa, usivunjike moyo kwa siku za kwanza, maana nyingi za dawa hizi huchukua majuma 2 mpaka 4 kabla ya kuonyesha nguvu zake. Wala usiziache ghafla unapojisikia vizuri, mpaka daktari aseme. Maombi hayagombani na dawa. Eliya alipolala chini ya mti akitaka kufa, malaika alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mambo ya kazi yalikuja baadaye.

Na ikiwa wazo la kujiua limekukaribia, usilifiche kwa kuogopa polisi. Ni kweli, kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kuwa mkosaji, na kwa ajili hiyo jamaa wengi waliwaficha wagonjwa wao. Lakini tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kile cha 226 kinapingana na Katiba. Mwambie mtu leo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu isiyolipiwa, nambari 1199.

Hofu yenyewe hupungua kwa kuiendea kidogo kidogo, kama mtu anavyoingia mto wa baridi. Ukiikimbia hukua. Basi usianze na mahojiano. Juma hili peleka maziwa wewe mwenyewe, utaje nambari yako ya uanachama, uondoke. Juma lijalo ingia duka la dawa za mifugo, uulize bei ya kitu kimoja, hata kama hununui. Ukiona moyo unapiga, usikimbie mara moja. Simama palepale mpaka upungue, kwa maana hupungua. Kisha nenda na mjomba kwenye karakana ya fundi unayemfahamu, mkae nusu saa, mjomba ndiye azungumze. Siku nyingine nenda peke yako, ushike spana. Huenda hatua moja ikakuchukua mwezi mzima. Ichukue.

Na ujiulize una nini mkononi. Wako waliozoea ng'ombe kiasi cha kumjua mgonjwa kwa kumtazama masikio. Wako wanaofungua redio iliyokufa wakaifufua. Wako wasichana ambao mshono wao hauna kasoro, ila hawawezi kuitangaza kazi yao sokoni. Ufundi una njia ambayo haipiti mdomoni sana: liko jaribio la serikali la ufundi, daraja la 3, la 2, mpaka la 1, na sehemu kubwa yake ni kutenda kazi mbele ya msimamizi. Chuo cha ufundi cha Sot kiko hapa hapa Bomet. Hatusemi kila mwenye hofu awe fundi. Wengine watakuwa wauguzi, na watakuwa wazuri, kwa sababu wanajua kuketi kimya karibu na mgonjwa. Wengine watakuwa walimu siku moja, hata kama leo neno hilo linawatia kichefuchefu. Musa huyo huyo mwenye ulimi mzito alikuja kusema na taifa zima, kama Kumbukumbu la Torati inavyoonyesha.

Juu ya pombe tutasema neno moja tu. Vijana wengi hunywa ili wapate ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Asubuhi hofu huwa pale pale, na imemkuta mtu asiye na fedha.

Nanyi wazazi, msimtume Musa bila Haruni. Baba, mwanao akikuambia nafasi zilijaa, usimwite mwongo. Mwulize kwa upole alifika wapi: barabarani, au langoni, au mlangoni? Alipofika ndipo mtakapoanzia safari ijayo, na uende naye mpaka hapo. Mama, mkafanye mazoezi jikoni. Wewe uwe mwajiri, umwulize jina lake, shule yake, na kwa nini aitaka kazi hii, mara kumi, mara ishirini, mpaka maneno yajue njia yenyewe.

Na ninyi wazee wa kanisa, tunawaomba kwa heshima, angalieni desturi zetu. Mgeni akija twamsimamisha atusalimu. Kijana akichangiwa karo kwa harambee, twamwita mbele atoe shukrani kwa kipaza sauti. Msichana asiposhuhudia kwa sauti, twahesabu kwamba amepoa. Wako walioacha kuja ibadani kwa ajili ya dakika hizo mbili tu. Mruhusuni mtu ashukuru kwa barua, katibu aisome. Mpeni huyo wa kiti cha nyuma daftari la hesabu, au funguo za stoo, au kinanda kilichoharibika akakitengeneze nyumbani. Na mwenye duka, au karakana, au shule aliye mshirika wetu, amjaribu kwa juma moja la kazi badala ya nusu saa ya maswali. Atajua mengi zaidi juu yake, naye kijana atakuwa ameshalala usiku saba akiitwa mfanyakazi.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutasoma baadhi ya barua zenu juu ya jambo hili. Wale ambao hawawezi kupiga simu, andikeni. Hata karatasi ya daftari inatosha, hata kwa penseli, wala si lazima jina.